Bolti Chini ya Kapeti

Usiku ule nilipiga simu ya Fuad mara kumi na moja, na mara kumi na moja yule mwanamke wa ndani ya simu aliniambia kwamba mteja hapatikani. Saa nne nilikuwa bado nimevaa viatu. Saa saba nilivivua, kisha nikavivaa tena, maana nilifikiri mtu akija kuniita nisianze kutafuta viatu gizani. Mvua ilinyesha kutoka upande wa mlima, ile mvua ya baridi isiyo na kelele, na kila gari lililoshuka barabara ya Timau nilijua kwa sauti kwamba si letu kabla halijafika kwenye matuta.

Mwanangu Fuad ni dereva wa pikapu ya Mzee Abdinasir, anayefanya biashara ya kondoo na mbuzi hapa Nanyuki. Siku ile alikwenda kuchukua kondoo kwenye shamba moja juu ya Timau. Simu yake ni ya zamani, haimalizi nusu siku bila chaji, kwa hivyo huichaji garini, kwenye tundu la redio. Na redio ile ilikuwa imeanza kusumbua. Mchana inaimba vizuri. Akiwasha taa kubwa, inajizima, inajiwasha, inajizima. Usiku, basi, hakuna redio wala chaji. Jambo hilo nililijua wiki mbili nzima, na wiki mbili nzima nilimwambia aende kwa fundi, naye ananijibu, "Kesho, mama."

Alirudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, matope hadi magotini. Gari lilikuwa limekwama kwenye njia ya shamba. Alilala pale pale, yeye mbele, kondoo kumi na wanane nyuma, mpaka trekta ikaja kuwavuta. Hakuwa hata na mkwaruzo.

"Simu ilizima saa moja," akasema. "Hiyo chaji ya redio ni bure kabisa."

Nilimpa chai, nikamtazama akinywa mpaka mwisho. Hofu yangu ya usiku kucha haikuwa imepata mahali pa kwenda, na sasa ikapapata. Nikajifunga leso, nikavuka barabara kwenda kwa Kingori.

Kingori ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Kibanda chake cha mabati kinatazamana na meza yangu ya chai na mandazi, iliyo mbele ya nyumba yangu, na kwa miaka tisa nimemwona kila siku isipokuwa Jumapili. Ni mrefu, amepita hamsini, na kwao ni kijiji cha Wamagana, upande wa Nyeri. Huvaa sweta ya shule ambayo mwanawe aliiacha alipomaliza kidato cha nne. Nembo bado iko kifuani, na mikono inaishia karibu na viwiko. Jirani yake Wamae, anayeziba magurudumu, humwita Kiranja.

Zamani alikuwa mjini Nyeri akitengeneza redio za nyumbani. Watu walipoanza kuzitupa badala ya kuzitengeneza, akajifunza waya za magari, akahamia huku. Ni fundi wa polepole. Hasemi gari lina ugonjwa gani mpaka aone ugonjwa huo mara mbili, na wenye haraka humwacha wakaenda kwa vijana wa karibu na soko. Mita ya kupimia umeme anayo, ameihifadhi ndani ya soksi ya sufu, lakini anachokiamini zaidi ni taa moja ya mbele ya gari la zamani aliyoiunganisha na waya mbili, mwekundu na mweusi.

Siku moja nilimpelekea chai, nikamuuliza kwa nini anatumia taa na mita iko.

"Mita inasalimia tu, Mama Fuad," akaniambia. "Ukiuliza waya hujambo, itakujibu sijambo. Ibebeshe mzigo, ndio utajua kama ni mgonjwa."

Mzee Abdinasir alimpenda kwa ajili ya huo utaratibu wake. Pikapu zake zote na lori lake zilikuja kwa Kingori, na wafanyabiashara wengine wa mifugo wakafuata, kwa sababu hapa Abdinasir akinywa kwenye kisima fulani, wenzake nao hunywa hapo. Ukimwondoa Abdinasir, Kingori hubaki na taa za bodaboda mbili tatu. Hilo nililijua vizuri asubuhi ile nilipovuka barabara. Nililijua, na bado nikasema.

Alikuwa amepiga magoti kando ya gari la mtu. Kwa Wamae palikuwa na wanaume wanne wakisubiri magurudumu.

"Kingori, waya zako nusura zinizikie mtoto."

Akainua kichwa. "Habari ya asubuhi, Mama Fuad."

"Usinisalimie. Redio umeweka mwezi wa nne, leo ni mwezi wa kumi, tayari imekufa. Mtoto amelala porini bila simu. Hiyo ni kazi gani?"

"Kiranja leo amepatikana na mwalimu mkuu," akasema Wamae, lakini hakuna aliyecheka.

Kingori akafuta mikono, akataka kujibu, na hapo nikaona macho yake yakienda nyuma yangu. Mzee Abdinasir alikuwa amesimama karibu na meza yangu na fimbo yake. Alikuwa amekuja kuuliza kondoo wake wako wapi, na maneno yangu yote aliyasikia. Huwa hapandishi sauti. Alivuka pole pole.

"Fundi. Hii mama anasema kweli?"

"Sijui bado, Mzee. Wacha nione gari."

Fuad akaileta pikapu, kondoo wakiwa bado nyuma. Alisema yeye anadhani ni betri. Kingori akapima betri, ikawa nzima. Akaivuta redio kutoka mahali pake, akapima waya zake kwa nyuma, mita ikaonyesha volti kumi na mbili na ushee.

"Si unaona iko sawa," akasema Abdinasir.

"Bado haijabeba kitu, Mzee. Fuad, washa taa zote. Ongeza sauti."

Fuad akawasha. Niliziona namba za mita zikishuka kwa macho yangu: kumi na moja, kumi, tisa na kidogo. Redio ikajizima.

"Ikikosa kumi na moja inajifungia, inajilinda," akasema Kingori. "Sasa tutafute huo umeme mwingine unapotelea wapi."

Akachukua taa yake. Ule waya mwekundu akaugusisha kwenye waya unaoleta umeme kwa redio, na ule mweusi akauunga kwa waya mrefu mpaka kwenye betri yenyewe. Taa ikawaka nyeupe, tukafumba macho. Akaacha mwekundu pale pale, akauhamisha mweusi tu, akaushika kwenye waya wa ardhi wa redio, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Taa ikawa nyekundu kama kaa linalokufa.

"Kwenda unaenda vizuri," akasema. "Ni kurudi unashindwa."

Waya ule wa ardhi ulishuka hadi miguuni pa abiria, ukafungwa kwa bolti chini ya kapeti. Kingori akalikunjua kapeti. Sifongo ya chini ililowa hata akiibonyeza maji yanatoka. Bolti yenyewe ilikuwa imeota unga wa kijani na mweupe, huwezi kujua kama ilipata kuwa chuma. Akaukwangua ule unga kwa kucha, akavinusa vidole vyake.

Sikumwambia mtu, lakini nilijua vidole vile vinanuka nini. Vinanuka limau, kwa sababu ya sabuni yangu ya unga.

Ni hivi. Pikapu ya Abdinasir inatakiwa kulala kwenye boma lake la mifugo, na hiyo ndiyo amri ya kwanza anayompa dereva yeyote. Lakini Fuad anarudi usiku, boma liko mbali, na mimi ndiye niliyemwomba awe anakuja na gari nyumbani kwanza ili nimwone kabla sijalala. Kuja kwanza kukawa kulala. Na kila alfajiri, kabla hajaondoka, nilikuwa naosha pale mbele. Anakanyaga mavi ya kondoo siku nzima, kisha mswala wake unakaa hapo hapo miguuni. Sisi tumefunzwa kwamba najisi haitoki kwa kupangusa. Lazima maji yapite juu yake. Basi nikawa nayapitisha, beseni zima, na sabuni, kila siku ya Mungu tangu mwezi wa nne. Nilijiona mama mwema sana.

Kingori hakunitazama mimi kwanza. Alitazama ng'ambo ya barabara, chini ya meza yangu, ambako beseni langu lilikuwa na povu na vitambaa. Kisha akanitazama, kidogo tu, kama mtu anayetazama saa.

"Hii maji yote imetoka wapi?" akauliza Abdinasir.

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Fuad alikuwa anatazama chini, na nikaona masikio yake, yale yale aliyozaliwa nayo, yamesimama kando kama ya mwanakondoo. Nikafunga mdomo.

"Ni mvua ya Timau, Mzee," akasema Kingori. "Lakini kosa ni langu. Ardhi singeifunga hapo chini. Ningeipandisha juu, mahali pakavu."

Akafanya kazi yake. Aliukata waya ulioliwa, akaweka mpya, akaukwangua rangi ukuta wa chuma nyuma ya redio mpaka ukang'aa, akaufunga hapo na kuupaka grisi. Alipogusisha taa yake tena, ikawaka nyeupe. Fuad akawasha taa zote za gari na redio ikaendelea kuimba, na ile simu mbaya ikaanza kuchaji. Haikuchukua nusu saa.

Abdinasir alisubiri mpaka mwisho. Halafu akasema, "Fundi wa kuweka waya mahali maji inafika, nitampa lori langu namna gani?" Akaondoka bila kumpa mkono.

Siku zilizofuata nilikaa kwenye meza yangu, nikaona nilichofanya. Lori la Abdinasir lilipita bila kusimama, likaenda kwa wale wa karibu na soko. Pikapu za wenzake nazo zikapita. Kingori alikaa kwenye kopo lake la rangi mbele ya kibanda, akisafisha bisibisi ambazo zilikuwa safi.

"Kiranja, naona umefukuzwa shule," Wamae akamwambia.

"Nimetumwa nyumbani nikamlete mzazi," akajibu. Akacheka, lakini si kicheko chake.

Nilimpelekea chai kila asubuhi. Aliinywa, akarudisha kikombe kimeoshwa, kama alivyofanya miaka tisa. Siku ya nne sikuweza tena.

"Kingori, ulijua."

"Nilijua nini?"

"Ulinusa sabuni."

Akaendelea kufuta bisibisi. "Mama Fuad, mimi niko na mkono. Mkono utapata kazi popote. Kijana wako ako na hiyo kazi moja."

"Ndio useme ati ni mvua?"

"Kwani mvua haikunyesha?" Kisha akaiweka bisibisi chini. "Na si uongo wote. Kila asubuhi nikifungua hapa nakuona ukimwaga maji kwa hiyo gari. Miezi sita. Na najua bolti nimeiweka wapi. Singeshindwa kuvuka barabara nikuambie. Nikasema, wacha, ni mama anaosha gari ya mtoto."

Jumamosi akafunga kibanda kwa kufuli. Alisema mama yake ni mzee na majani chai yanangoja kuchumwa. Nikamuuliza atarudi lini. "Kazi ikiita," akasema, akaenda zake na ile sweta yake, taa ameifunga kwenye gazeti chini ya kwapa.

Nilipomwambia Fuad kwamba nataka kwenda kwa Abdinasir, alinijibu kweli tupu.

"Mama, ukisema, hiyo siku hiyo hiyo narudisha funguo."

"Na nisiposema?"

Alikula, akanawa, akaketi na simu yake iliyojaa chaji mkononi.

Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la sita. Lakini tangu nizae nimeamini kwamba hakuna ubaya katika kuongeza: ukimpigia mtoto mara moja, piga ya pili, ukimwaga beseni moja, mwaga na la pili. Sikuwahi kufikiri kwamba wasiwasi wangu unaweza kuingia chini ya kitu na kukila bila mimi kujua. Na mtu mwingine ndiye aliyefunuliwa kapeti mbele za watu. Nilijaribu kujiambia kwamba Kingori alichagua mwenyewe. Kila nilipoinua macho niliona lile kufuli.

Jumatatu nikaenda bomani. Mke wa Abdinasir, Sahro, alinikaribisha, akanipa kigoda kivulini, akamwita mume wake kutoka zizini. Nilisimama alipokuja.

"Mzee, ile maji haikuwa ya mvua. Ni mimi."

Nikamweleza yote, beseni, sabuni, mswala. Alinisikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Gari yangu ilikuwa inalala kwako?"

"Ndiyo. Mimi ndiye nilimwomba. Nilitaka nimwone kabla ya kulala."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne."

"Na yeye akakubali."

"Ni mtoto wangu, Mzee."

"Na ni dereva wangu." Mbuzi mmoja alikuja akanusa leso yangu, Sahro akamfukuza. "Alete funguo leo. Atakaa hapa kwa zizi, achunge, abebe majani. Mimi nitaona tabia yake, halafu nitaamua. Sisemi ni mwezi, sisemi ni mwaka."

"Nimesikia."

"Hiyo ya kuosha kwa sababu ya sala, siwezi kukasirika. Lakini kapeti, mama, ungetoa nje kwanza."

"Ni kweli."

"Na huyo fundi amenidanganya."

"Amekudanganya kuhusu mvua tu, Mzee. Kazi yake hakukudanganya."

Akanitazama. Kisha akatoa simu kwenye mfuko wa koti, akabonyeza, akaiweka sikioni. Hata kutoka pale niliposimama nilimsikia yule mwanamke wa ndani ya simu. Mteja hapatikani.

Alijaribu tena kesho yake, Fuad akaniambia. Mimi nami nilijaribu. Nikajikuta nahesabu tena, nikitazama simu kama usiku ule, lakini safari hii si kwa ajili ya damu yangu. Jumatano Fuad akaomba ruhusa zizini, akaenda Wamagana mwenyewe. Hakumlaumu mtu njiani wala aliporudi, na nilimwona amekonda kidogo, au labda ni mimi.

"Nimemkuta shambani na kikapu mgongoni," akasema. "Nimemwambia yote. Kwamba umesema, na lori ya Mzee inamngoja."

"Akasemaje?"

"Hakusema anakuja, hakusema haji. Ameuliza tu kama kapeti ilikauka."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia tuliianika siku mbili. Akasema vizuri, akaendelea kuchuma."

Alhamisi asubuhi lori la Abdinasir lilikuja mapema likaegeshwa mbele ya kibanda kilichofungwa. Taa moja ya nyuma haikuwaka. Dereva alizima injini, akajifunika kofia usoni. Nilimpelekea chai. Wamae alizunguka lori mara moja, akaligonga gurudumu kwa mguu.

"Hii shule imefungwa, na wazazi wameshafika," akasema.

Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Sikuuza mandazi vizuri, niliwapa watu chenji isiyo yao. Dereva akaniambia kwamba Mzee amesema angoje mpaka saa nne, halafu alipeleke lori karibu na soko. Ilikuwa imebaki robo saa nilipoiona ile sweta ikija kutoka upande wa stendi, mikono ikiishia kwenye viwiko, na kitu kilichofungwa gazeti chini ya kwapa.

Hakuniita. Alipita kando ya lori, akaitazama ile taa ya nyuma, akaendelea mpaka mlangoni. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imeingia ndani ya kufuli. Ufunguo ulikataa. Akautoa, akaupuliza, akaujaribu tena, ukakataa. Nilichukua kichupa changu cha mafuta ya kupikia kutoka mezani, nikavuka barabara, nikampa. Alidondosha matone mawili kwenye tundu, akasubiri, maana yeye husubiri.

"Mawili yanatosha?" nikauliza. "Nisiongeze?"

"Yanatosha, Mama Fuad."

Akazungusha. Kufuli likalia, likaachia, na mlango wa mabati ukaburuta matope kidogo, ukafunguka.